Siku tano nachora manyoya, unyoya kwa unyoya, mtu mzima na akili zake ananiambia DEKIO

FundiLeya:
Wakuu salama? Mi sio salama. Naandika nikiwa kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, kwa hiyo herufi zikikosewa mjue ni hasira na matuta.

Jamaa mnamjua. Simtaji, ila watu wa Sinza mnamjua, yule wa juisi, yule kila akikuona anakwambia "dogo kuna dili kubwa linakuja". Hilo dili limeanza kuja nikiwa na nywele, sasa hivi kipara hiki hapa na dili bado liko njiani.

Mwezi uliopita kanifuata anataka katuni ya komba ameshika glasi ya juisi ya miwa, ikae kwenye bango la banda na kwenye tisheti za vijana wake. Na akasisitiza mwenyewe kwa mdomo wake, "nataka manyoya yaonekane, mtu akipita atamani kumpapasa". Sawa bosi. Nikaingia Photoshop.

Sasa wasiojua manyoya wasikilize. Manyoya huchori kama unapaka rangi ukuta. Unachukua ile brashi ya majani inayokuja na programu yenyewe, unaivuruga mpaka iwe kama nywele, unaiambia ukubwa ufuate mkandamizo wa kalamu, pembe iyumbeyumbe, halafu unaanza na leya, yaani tabaka la picha, ya giza chini, juu yake rangi ya katikati, juu yake nywele za mwanga moja moja, halafu kingo zote unazivuta na smaji, ile zana ya kuvuruga rangi kama kwa kidole, ili mnyama asionekane amekatwa na mkasi. Nimefika leya 71. SABINI NA MOJA. Kalamu ya tableti imekufa siku ya pili nikaendelea na mausi, mnajua kuchora nywele na mausi? Ni kama kunyoa kichanga kwa panga. Umeme umekatika mara nne. Siku ya nne Photoshop ikagoma kusevu, ikaniambia faili limevuka GB 2, PSD, aina yake ya kawaida ya faili, haibebi, nihamie PSB, ile ya mafaili makubwa. Mke wangu akauliza unamchora komba au unamzaa.

Leo nimeprinti A3, rangi safi, nimeikunja vizuri nimempelekea bandani. Pamejaa watu pale, saa ya chakula cha mchana. Kaikunjua. Kaiangalia. Kaigeuza. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba:

"Dogo, hili dekio umelichora la nini?"

Dekio wakuu. DEKIO. Lile la kupigia deki chooni. Muuza mihogo akacheka mpaka kikaango kikatikisika. Mi nina watoto wawili, ananiita dogo, halafu ananiambia dekio. Halafu akatoa simu akasema mwanae wa darasa la tatu angemtengenezea dakika mbili. Hiyo ya mtoto nimesamehe. Ya dekio sisamehi. Hela ya advansi amesema nimrudishie, hiyo nayo tutaongea. Ila dekio? Mbele ya muuza mihogo?

kiti_cha_mbele:
Uzi bila picha ni batili. Weka komba tumuone.

Bibi Kizimkazi:
Ngoja waje wataalamu, mi nimekaa paleee nakunywa chai.

FundiLeya:
Haya hiyo hapo chini. Mwenye macho aone. Nywele moja moja hizo, vuta karibu.

kiti_cha_mbele:
Mkuu

kiti_cha_mbele:
Mkuu sio kwa ubaya

kiti_cha_mbele:
Ni dekio

Mpiga_Picha_Mstaafu:
😂😂😂 Nimegeuza simu kichwa chini, ule mkia ndo mpini kabisa. Nikupe ndoo?

FundiLeya:
Nyie ndo mnaowapa kiburi watu kama yule. Komba ana mkia mrefu wenye manyoya mengi, ndivyo Mungu alivyomuumba, mlitaka nimpe mkia wa mbuzi? Na nyie mnaangalia picha kwenye simu, imeshabanwa, manyoya ya 300 dpi, yaani nukta 300 kila inchi, ukiyatuma kwa simu yanaganda kama uji. Kwenye karatasi ni kitu kingine.

Mpiga_Picha_Mstaafu:
Lakini jamaa kaonyeshwa karatasi, si umesema mwenyewe?

nyuzi_na_sindano:
Hapo kwenye muuza mihogo kikaango kutikisika nimecheka mpaka mteja kaniuliza kama niko sawa.

Dada wa Vekta:
Kaka FundiLeya pole kwanza. Ila nikwambie kama mwenzio wa kazi, manyoya yako yote urefu mmoja na yote yanateremka chini, ndo maana. Nywele za usoni zinakuwa fupi, zinaanzia puani zinarudi nyuma, za mashavuni zinaenda pembeni, za tumboni ndo zinashuka. Mi huwa nachora mishale kwanza kwenye leya ya juu, kila sehemu nywele inaelekea wapi, ndo naanza. Na kivuli umeweka nyeusi tupu, manyoya yanaonekana yamelowa. Kitu kirefu, kinateremka, kimelowa... samahani kaka, ndo lenyewe.

FundiLeya:
Dada nashukuru ila nilikuja kulalamika sikuja twisheni.

Dada wa Vekta:
Na bango la barabarani nani anaona nywele moja moja? Mtu yuko kwenye bodaboda. Ungempa vichane vya nywele vitano sita kwenye kingo, kati rangi moja, umemaliza jioni ileile.

FundiLeya:
ALISEMA MTU ATAMANI KUMPAPASA.

mzaramo_halisi:
Mi swali langu moja, nani alimshauri aweke komba kwenye juisi? Komba si ndo yule anapanda mnazi usiku anakunywa tembo la watu? Kwetu mtu akilewa tunasema kalewa kama komba. Hiyo ya juisi ni mchana, ikifika usiku tutajua wanauza nini.

Bibi Kizimkazi:
Na analia kama mtoto mchanga usiku kwenye bati. Usingizi unakata. Mi siendi kunywa juisi kwa huyo mtu.

nyuzi_na_sindano:
Afadhali wewe umeambiwa dekio. Mi nimeletewa picha ya gauni la mtandaoni, kitambaa kaleta mita moja na nusu, mwili ni wa mita nne, nimeshona kwa miujiza, kaja kuvaa anasema "fundi mbona sifanani na yule wa kwenye picha". Nikamwambia mama hilo sio la cherehani.

Mpiga_Picha_Mstaafu:
Hahaha. Mi studio nimefunga kwa sababu ya "nitoe weusi kidogo". Unautoa. "Tena kidogo." Unautoa. Akipeleka paspoti saizi anarudishwa anakuja kukugombeza wewe. Na wale wa "niongezee baba kwenye picha ya harusi", baba mwenyewe picha yake ipo kwenye kitambulisho tu, sentimita mbili.

kiti_cha_mbele:
Leya 71 laptopu yako ina ramu ngapi?

FundiLeya:
8

kiti_cha_mbele:
GB 8 unachora manyoya A3? Mkuu dekio ni hiyo laptopu.

jua_kali_09:
8 inatosha ukijua kuunganisha leya. Vijana wa siku hizi kila nywele leya yake.

kiti_cha_mbele:
Haitoshi.

jua_kali_09:
Inatosha, mi natumia 4 tangu 2015.

kiti_cha_mbele:
Na matokeo tumeyaona.

FundiLeya:
Jamani turudi kwenye mada. Advansi nirudishe au nisirudishe? Na akitokea mtu anakuita dogo, halafu dekio, mbele ya

jua_kali_09:
Kuna mtu anauza ramu ya laptopu hapa?

mama_usafi_jumla:
Habarini. Nimeona mnaongelea madekio. Ninayo ya nyuzi na ya sponji, rejareja na jumla, nipo Kariakoo, kuanzia dazeni napunguza bei. Karibuni inboksi.

Bibi Kizimkazi:
Ya nyuzi yanatoa manyoya?

mama_usafi_jumla:
Hayatoi dada.