Yule "fundi wa matangi" mnamjua, SIMTAJI, lakini FULANA?!

Tezi_na_Omo:
Wakuu, mikono bado inanuka dizeli. Fulana! Ndani ya tangi la boti yangu! Nzima, na mikono yake, imejibana kwenye bomba la kunyonyea. Mashine inazima, ukisubiri dakika mbili inawaka kwa sababu fulana imeachia. Ukivuta moto, inajibana tena. Na jamaa alisema "limetakata, hata maziwa weka". Maziwa!

Kusafisha kwake ni sabuni ya unga na ndoo mbili za maji, anayumbisha boti kama anabembeleza mtoto, kisha dizeli juu yake. Maji yote yamebaki chini, maana dizeli inaelea. Ule utelezi mweusi ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana. Yeye kawapikia pilau. Kifuniko kakibandika kwa silikoni ya sinki, dizeli inaitafuna. Nyuma ya kuta za ndani zinazozuia mafuta yasiyumbe hakufika. Alichofikia ni kuvua FULANA.

Pweza_Mkavu:
😂😂 Ya Simba au Yanga?

Tezi_na_Omo:
Haina timu tena, nyeusi tii.

Dau_la_Bibi:
Mkuu na wewe unachangia. Boti inalala na robo tangi, usiku bati linatoa jasho, jasho ndiyo maji hayo. Jaza kabla ya kulaza. Halafu tazama oringi, ule mpira wa kuzibia, ya mfuniko wa kujazia mafuta pale sitahani, ikipasuka mvua inaingia yote. Kusafisha ni kunyonya mpaka kona ya chini kabisa, kufungua kifuniko, kukwangua kwa mbao, kufuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na kuhesabu vitambaa vinavyoingia na vinavyotoka kama daktari wa upasuaji.

Tezi_na_Omo:
Huyo hesabu yake inaishia kwenye malipo.

Kamba_Mbili:
Shukuru hakusuuza kwa petroli. Mvuke wake mzito, unatulia chini ya boti ukingoja cheche.

Bomba_Kavu:
Sasa badilisha filta zote: ya kwanza maikroni 10 au 30 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ya pili 2. Beba za akiba, uchafu uliobaki utashuka siku ya mawimbi. Mwaga maji ya kwenye kikombe cha chini ya filta, kisha toa upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta: legeza skrubu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka povu liishe, ndipo ukaze.

Pweza_Mkavu:
Filta zipi? Za duka la kona, karatasi ya daftari?

Kamba_Mbili:
Afadhali filta. Yule muuza dizeli wa madumu gatini anachanganya mafuta ya taa. Pampu ya injekta, ile inayosukuma mafuta kwenye injini, inalainishwa na dizeli yenyewe, taa inaikwangua.

Dau_la_Bibi:
Na dumu lake la lita 20 linatoa 18.

Bomba_Kavu:
Kumi na saba na nusu. Lile lililobonyea.

Kamba_Mbili:
Analibonyeza mwenyewe kwa goti!!

Tezi_na_Omo:
Wakuu, na fulana?

Pweza_Mkavu:
Fua, uvae.