Mrejesho: chujio la maji ya kisima halizibi tena kila wiki

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini chujio langu la mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kipimo cha matundu ya chujio) linaziba kila wiki kwa tope la kisimani. Mlinishauri nijaze maji kwenye chupa ya kioo niyaache yatulie. Mchanga ulizama ndani ya dakika chache, ila ukungu wa udongo mfinyanzi ulikuwepo hadi kesho yake. Kumbe chujio moja lilibebeshwa kazi zote mbili, ya mchanga na ya udongo! Nimetanguliza la wavu la mikroni 50, linaloosheka, kisha la 5. Huu ni mwezi wa tatu tangu nibadilishe, presha ya maji haijashuka. Ukungu kidogo bado upo. Ya kunywa naendelea kuchemsha, maana mikroni 5 haizuii bakteria. Asanteni sana, mmenitoa mbali.