Mrejesho: meza ya katikati sebuleni

Wadau, habari za jioni. Niliuliza namna ya kupendezesha meza yangu ya kioo bila kukosa pa kuweka chai wageni wakija. Asanteni sana, mengi yamefanya kazi.

Aliyeshauri sinia dogo la mbao, Mungu akubariki. Rimoti, chetezo na chungu cha mmea vyote vinakaa humo. Chakula kikiiva nanyanyua sinia zima, meza inabaki tupu. Magazeti na chaja zimehamia kwenye kikapu cha ukindu chini ya meza. Nimeivuta pia, sasa iko kama sentimita 45 kutoka kwenye kochi: kikombe unakifikia bila kuinuka, na magoti yanapita.

Kilichogoma ni chombo kirefu cha maua. Kiliziba TV, halafu kitinda mimba wangu akakiangusha, maji yote kwenye zulia. Kitambaa cha kufuma nacho mama mkwe kakataa kisitolewe, basi nimekikunja kikakaa chini ya sinia. Kwa kweli kinapendeza.

Alama za vikombe vya moto kwenye kioo bado. Vile vikeka vidogo vya ukindu mlivyosema sijavipata. Anayejua vinapouzwa Dar anitonye.