Ngazi ya samaki inateleza, faiba itafaa?

Mchuuzi, Bagamoyo:
Wakuu, ngazi ya mbao tunayopandishia samaki imeota mwani. Juzi mama mmoja alianguka na ndoo ya dagaa, mkono ukateguka. Inaniuma sana. Tuliwahi kuweka chuma, chumvi ikakila. Nipige faiba, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi, juu ya mbao?

Fundi boti, Tanga:
Pole kwa mama. Faiba haili kutu, lakini ikiwa tupu na imelowa, inateleza vilevile! Tabaka la mwisho la rezini, yaani hiyo gundi, likiwa bichi, mwagia mchanga mkavu uliochekechwa. Wa ufukweni usiguse, una chumvi. Ikikauka fagia uliolegea, paka rezini nyepesi juu.

Mchuuzi:
Mbao zimelowa lakini.

Fundi boti:
Basi zianikwe kwanza, la sivyo itabanduka. Ukipiga msasa, funika pua.