Jagiełło alibaki vipi mfalme wa Polandi baada ya Malkia Jadwiga kufariki?

Swali

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nimekuwa nikisoma habari za Władysław Jagiełło, aliyekuwa Mtawala Mkuu wa Lituanya kabla ya kuitwa Polandi, na kuna jambo limenikwama. Alipata kiti kwa kumwoa Jadwiga, ambaye alitawazwa Kraków mwaka 1384 akiwa msichana wa takriban miaka kumi, tena kwa cheo cha mfalme mwenyewe. Jadwiga alifariki tarehe 17 Julai 1399, siku nne baada ya kufa kwa kichanga chake wa pekee. Mke hayupo, mtoto hayupo. Mkwe huyu aliendelea kukaa kwenye kiti cha ukweni kwa haki gani, kwa miaka 35 zaidi, huku akioa wake wengine watatu?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, tuanze na Krewo, tarehe 14 Agosti 1385, ambako Jagiełło aliahidi kubatizwa pamoja na watu wake waliokuwa bado wapagani na kuiunganisha Lituanya na taji la Polandi. Alibatizwa tarehe 15 Februari 1386, akaoa siku tatu baadaye, na tarehe 4 Machi akatawazwa na kupakwa mafuta yeye mwenyewe. Hakuwa mume wa malkia tu, na kifo cha mkewe hakikufuta mafuta yale.

Hata hivyo, haki ya damu ilibaki na upungufu, na hapo ndipo ndoa ya pili inapoeleweka. Anna wa Cilli alikuwa mjukuu wa Kazimierz Mkuu, mfalme wa mwisho wa ukoo wa wenyeji wa Piast, aliyefariki mwaka 1370. Mwanahistoria wa karne ya 15, Jan Długosz, anasimulia kwamba Jadwiga mwenyewe, akiwa kitandani mwa mauti, alimshauri mumewe amwoe Anna. Bibi harusi alifika Kraków mwaka 1401, akawekwa kwanza ajifunze Kipolandi, na ndoa ikafungwa mwaka 1402.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila naona mzizi wa jambo uko kwenye ndoa ya nne. Ya tatu, ya mwaka 1417, niipitie haraka: Elżbieta Granowska alikuwa mjane asiye wa ukoo wa kifalme, na mama yake ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo wa mfalme, kwa hiyo wengi waliiona ndoa ile kama ya ndugu. Elżbieta alifariki mwaka 1420 bila kumzalia mfalme mtoto.

Mwaka 1422 mzee huyu alimwoa Zofia wa Holszany, binti mdogo kutoka koo za Lituanya, ambaye ndiye hatimaye aliyempa wana wa kiume. Furaha hiyo ilikuja na tatizo, kwa kuwa watoto hao hawakuwa na damu ya Piast kwa baba wala kwa mama, na makabaila wa Polandi walijua vema thamani ya ridhaa yao. Mwaka 1425 walikubali kwa maandishi kumtambua mtoto Władysław kuwa mrithi, kwa sharti kwamba mfalme athibitishe haki zao. Mfalme alipokataa, walikutana Łęczyca mwaka 1426, wakachomoa panga na kuikatakata hati hiyo mbele ya macho yake. Miaka minne baadaye, huko Jedlnia, alisalimu amri, na miongoni mwa aliyoyakubali ni kwamba kabaila mwenye ardhi hatakamatwa bila hukumu ya mahakama.

Jibu la tatu

Naomba tusimgeuze Jadwiga kuwa daraja la kuvukia watu wengine. Tangu utotoni alikuwa ameposwa na Wilhelm wa ukoo wa Habsburg, na katika mapatano ya Krewo Jagiełło aliahidi kulipa florini 200,000 za fidia kwa kuvunjwa kwa uchumba huo. Długosz anasimulia kwamba Wilhelm alipofukuzwa kwenye ngome ya Wawel, binti yule alishika shoka avunje lango amfuate, mpaka akabembelezwa na mzee mmoja wa baraza. Vito vyake aliviachia chuo cha Kraków, ambacho kilifufuliwa mwaka 1400, na kaburi lake lilipofunguliwa, fimbo ya enzi iliyomo ilikutwa ni ya mti uliopakwa dhahabu.

Muulizaji

Asanteni sana. Je, Anna hakuacha mtoto yeyote ambaye angeweza kudai damu ya Piast?

Jibu la pili

Aliacha binti, naye aliitwa Jadwiga, aliyezaliwa mwaka 1408. Kabla Zofia hajazaa, wakuu walimtambua kuwa mrithi, na mwaka 1421 aliposwa na Friedrich, mwana wa mtawala wa Brandenburg, aliyeletwa kulelewa Polandi. Wana wa kiume walipozaliwa, nafasi yake ilififia, naye akafariki mwaka 1431 kabla ya kuolewa, watu wakinong'ona kwamba mama wa kambo alimpa sumu. Baba yao alifariki Gródek tarehe 1 Juni 1434, na tarehe 25 Julai mwaka huohuo mwana wa Zofia alitawazwa Kraków akiwa na umri wa miaka tisa.