Mama wa miaka 68, Tanga hadi New York: saa 15 bila kutua au tuikate safari njiani?

MwanaNgamiani:
Habari za jioni wakuu. Mama yetu anaondoka Tanga mwezi wa tisa kwenda New York kumwona mjukuu. Ana miaka 68, anatumia insulini, magoti yanamsumbua, Kiingereza hana, na atasafiri peke yake. Njia zilizopo ni mbili: Dar–Nairobi kisha Nairobi–New York bila kutua, au Dar–Istanbul–New York. Ya kwanza inavutia, ila hizo saa 15 kitini zinatutia hofu. Naombeni ushauri kabla hatujalipa.

Rubani_wa_Ardhini:
Mkuu, kwanza msiamini neno "moja kwa moja". Ndege yenye namba moja inaweza kutua kuongeza mafuta na bado ikauzwa kwa jina hilo. Safari za Addis Ababa kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani kwa miaka mingi, kwa sababu uwanja wa Addis uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, ndege haiwezi kunyanyuka na abiria wote pamoja na mafuta ya safari nzima. Kurudi hazitui. Ya Nairobi, iliyoanza Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, haitui: saa 15 hivi kwenda, kama 14 kurudi kwa sababu upepo unaisukuma.

Nauli kubwa ya safari ndefu bila kutua ina sababu yake. Kadiri safari inavyorefuka, ndege inachoma mafuta ili kuyabeba mafuta mengine. Ile ya Singapore–New York, zaidi ya saa 18, inatumia ndege ya Airbus A350-900ULR yenye uwezo wa lita 165,000 za mafuta, na viti ni 161 tu. Daraja la kawaida halimo kabisa. Ya Nairobi haijafika huko, daraja la kawaida lipo, lakini kiti ni kilekile cha safari fupi.

Kwa mama huyu mimi nisingehesabu saa, ningehesabu mahali pa kubadilisha ndege na lugha ya hapo. Njia zote mbili anabadilisha mara moja. Tofauti ni kwamba Nairobi atauliza kwa Kiswahili na atajibiwa kwa Kiswahili. Chukueni Nairobi, na iwe tiketi moja. Mkinunua mbili tofauti, ya Dar ikichelewa, kampuni ya pili haidaiwi kitu.

Muuguzi_Pwani:
Naunga mkono Nairobi, ila maandalizi yaanze sasa.

Insulini isiingie kwenye begi la chini ya ndege, inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena. Abebe mkononi, mara mbili ya anayohitaji, pamoja na sindano, kipimo cha sukari na barua ya daktari yenye majina ya dawa. Akielekea magharibi siku yake itarefuka kwa saa 7, kwa hiyo daktari ampangie dozi kwenye karatasi. Saa ya mkononi ibaki ya Tanga mpaka atue. Na asichome insulini ya chakula kabla sahani haijafika mbele yake. Ndege ikianza kutikisika huduma husimama, na sukari itashuka akiwa bado anasubiri.

Damu kuganda miguuni: hatari huongezeka safari ikizidi saa 4. Soksi za kubana zinasaidia, za chini ya goti, zenye mbano wa 15 hadi 30 mmHg (kipimo kinachoandikwa kwenye pakiti) kwenye kifundo cha mguu. Apimwe mguu asubuhi kabla haujavimba. Lakini ana sukari, kwa hiyo daktari kwanza akague mishipa na vidonda vya miguu, maana soksi hizo zikibana mguu usiopata damu ya kutosha zinadhuru. Aspirini ya kujinunulia hapana.

Jambo linalosahaulika: saa za basi nazo ni saa za kukaa. Asishuke kwenye basi la Tanga akapitiliza uwanjani. Alale Dar.

Horohoro_Mpakani:
Au asiende Dar kabisa. Tiketi inaweza kuanzia Mombasa: Mombasa–Nairobi–New York. Mnavuka mpaka wa Horohoro, na barabara ya Dongo Kundu inawafikisha upande wa uwanja bila kusubiri kivuko cha Likoni. Pasipoti inatosha kuingia Kenya, viza haihitajiki. Abebe na kadi ya homa ya manjano.

MwanaNgamiani:
Asanteni sana. Mombasa hatukuifikiria. Je, kiti gani, na magoti?

Rubani_wa_Ardhini:
Viti vimepangwa tatu-tatu-tatu. Mchukulieni cha pembeni mwa njia kwenye vile vitatu vya katikati: wa kati anaweza kutokea upande wa pili, kwa hiyo mama haamshwi kila saa. Vya mlango wa dharura hawatamruhusu.

Kiti cha magurudumu ni bure, ombeni saa 48 kabla. Kama anapanda ngazi mwenyewe, tiketi iandikwe alama ya WCHR. Kama ngazi hawezi, WCHS. Wakikosea hapo, Nairobi anaweza kuletewa msaidizi wa kumsukuma tu, huku ngazi za ndege zinamsubiri.

Muuguzi_Pwani:
Na machungwa ya Muheza yabaki nyumbani. Matunda mabichi yanazuiliwa Marekani. Chakula kingine chochote akitaje kwenye forodha, hata kama ni kidogo. Mwandikieni kikaratasi cha Kiingereza chenye orodha hiyo, akikabidhi pamoja na pasipoti.