Wateja wanataka kulipa kwa kugusisha simu: duka dogo hapa Lubumbashi lianzie wapi?

Keki_BelAir
Wandugu, jambo yenu. Swali kwa wanaozijua mashine za kadi (TPE). Duka ni dogo, la keki na mikate, Bel-Air, lina wauzaji wawili. Tunapokea franka na dola mkononi, pamoja na M-Pesa na Airtel Money. Sasa wateja wenye kadi ya Visa ndani ya simu wanaongezeka, hasa wageni wa Afrika Kusini na watu wa migodini, na wanauliza kama wanaweza kugusisha tu. Faida naiona kwenye chenji. Keki ya dola 7.40 ikilipwa kwa noti ya 10, tunaanza kutafuta franka na kubishana juu ya taux (kiwango cha kubadilisha franka na dola), na noti ya dola iliyopasuka kidogo pembeni hakuna anayeipokea.

Je, kuna mashine ya pekee kwa ajili ya simu, au TPE ya kawaida inatosha? Simu yangu ya Android haiwezi kufanya kazi hiyo? M-Pesa yenyewe haigusishwi? Na kuna keki za oda: watu wanatoa avansi, wengine wanaghairi. Pesa iliyoingia kwa kugusisha inarudishwa namna gani?

fundi_tpe_lshi
Jambo Keki_BelAir. Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku.

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ni akaunti za namba ya simu. Mteja anapiga *1122# au *501#, au anafungua programu, pesa inapita kwenye mtandao wa kampuni ya simu. Hapo hakuna kugusisha. Anayegusisha simu amekwisha kuingiza kadi ya banki, Visa au Mastercard, ndani ya pochi ya simu kama Apple Pay au Google Wallet. Simu inaongea na mashine kwa NFC, mawimbi ya 13.56 MHz, umbali wa sentimita 4 hivi. Kwa mashine yako, simu hiyo ni kadi ya kugusisha kama nyingine. Kwa hiyo hakuna mashine ya pekee: TPE yoyote yenye alama ya mawimbi manne, ambayo banki imeifungulia «sans contact» (malipo ya kugusisha), inasoma simu pia. Haijalishi simu ni ya nchi gani wala kadi ilitolewa na banki gani.

Hilo neno «imeifungulia» ndilo la kushika. Mashine nyingi zina antena ndani lakini huduma imefungwa kwenye mipangilio ya banki. Siku unayoletewa mashine, usitie sahihi kabla ya kujaribu hivi: weka kiasi kidogo, gusisha kadi ya plastiki, kisha gusisha simu, fanya kwa Visa, rudia kwa Mastercard. Visa na Mastercard zina mipangilio tofauti ndani ya mashine, na inatokea moja ikubali, nyingine ikatae. Halafu weka kiasi kikubwa, kile cha keki ya harusi, ugusishe simu tena. Hapo ndipo kosa la mipangilio linapojitokeza. Malipo ya majaribio yafute palepale kwa menyu ya «Annulation».

Wauzaji wafundishwe mahali pa kugusisha. Kwenye mashine fulani antena iko chini ya skrini, kwenye nyingine iko juu ya printa au ubavuni. Tafuta alama ya mawimbi. iPhone inasomwa kwa ukingo wake wa juu. Mteja anabonyeza kitufe cha pembeni mara mbili, anaonyesha uso, ndipo anasogeza. Android nyingi antena iko mgongoni, katikati au juu kidogo, na simu iwe imefunguliwa. Ishikwe ikiwa imetulia sekunde moja au mbili. Wanaoipitisha haraka ndio wanaosema mashine mbovu. Kaunta ya chuma inaharibu usomaji, na vilevile kava la simu lenye sumaku au bamba la chuma. Kadi ya plastiki iliyowekwa ndani ya kava nayo inaweza kusomwa badala ya simu.

Na hili muuzaji alijue kabla ya yote: taa nne zikiwaka na mashine ikilia, maana yake kadi imesomwa. Bado haijalipa. Malipo ni pale skrini inapoandika «APPROUVÉ» na karatasi inatoka. Kati ya mlio na neno hilo mashine inaongea na banki, na rezo (mtandao) ikiwa dhaifu inaweza kuchukua nusu dakika. Keki isivuke kaunta ndani ya nusu dakika hiyo.

Kuhusu simu yako ya Android: ndiyo, teknolojia ipo ya kugeuza simu yenye NFC kuwa mashine. Lakini ni lazima banki yako yenyewe itoe programu hiyo na kukupa mkataba wa mfanyabiashara. Kwa kazi inayohitaji mteja aandike namba ya siri kwenye kioo cha simu yako, uliza kama programu imethibitishwa kwa kanuni ya usalama wa kadi iitwayo PCI MPoC, iliyotolewa mwaka 2022. Programu uliyoitoa mtandaoni bila mkataba, usiiruhusu iguse kadi ya mteja hata mara moja.

Mhesabu_Kamalondo
Fundi amemaliza upande wa mashine. Mimi naongeza upande wa pesa, maana huko ndiko maduka madogo yanakoumia.

Banki itakuomba RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa ya biashara), namba ya impôt (ya mlipa kodi), kitambulisho chako na akaunti kwa jina la biashara. Ukiwa na patente tu (kibali cha biashara ndogo), uliza mapema kama wanakubali, usipoteze wiki nzima kwenye foleni.

Halafu piga hesabu ya gharama zote pamoja, siyo asilimia peke yake. Tuchukue namba za mfano tu: kamisheni 2.5%, kodi ya mashine dola 20 kwa mwezi. Ukiuza kwa mashine dola 600, unalipa 15 na 20, jumla 35, yaani karibu 5.8% ya mauzo hayo. Ukiuza dola 3,000, unalipa 75 na 20, jumla 95, karibu 3.2%. Kodi ya mashine ndiyo inayolila duka dogo. Jadiliana hiyo kwanza: uliza kama inaondolewa ukifikisha kiwango fulani cha mauzo, na kama kadi za kigeni zina kamisheni ya juu kuliko kadi za hapa. Kwa wateja unaowataja, swali hilo la pili lina uzito. Usifikirie kumwongezea mteja asilimia hiyo juu ya bei. Mikataba kwa kawaida inakataza, na mteja mmoja akilalamika kwa banki yake unaweza kupoteza mashine.

Sarafu: pata kwa maandishi kama TPE yako imewekwa kwa franka, kwa dola, au kwa zote mbili, na kila moja inaingia akaunti gani. Kama bei zako zimeandikwa kwa dola na mashine iko kwa franka, bandika taux ya siku kwenye kaunta asubuhi na muuzaji aitumie hiyo tu. Mteja mwenye kadi ya rand atabadilishiwa na banki yake kwa taux yake yenyewe. Mwambie kabla, ili asirudi kesho akidai umemwibia. Mashine ikimpa mteja chaguo la kulipa kwa sarafu ya kwao, mwache achague mwenyewe. Mara nyingi taux ya chaguo hilo ni mbaya kwake.

Sasa avansi. Simu haitumi namba halisi ya kadi. Inatuma namba mbadala iliyotengenezwa kwa ajili ya simu hiyo tu. Ndiyo maana tarakimu nne za mwisho kwenye risiti hazifanani na zile za kadi ya plastiki, na wauzaji wanadhani kuna wizi. Hakuna wizi. Ila kwa kurudisha pesa ina maana kubwa: mteja arudi na simu ileile aliyolipia, agusishe simu hiyo, siyo kadi iliyo mfukoni wala saa ya mkononi, maana saa ina namba yake nyingine. Kwenye iPhone, akifungua kadi hiyo ndani ya Wallet na kuangalia maelezo yake, ataziona tarakimu nne za kifaa. Zilinganishe na risiti yako.

Akighairi siku hiyohiyo kabla ya télécollecte (pale mashine inapotuma malipo ya siku kwa banki), tumia «Annulation»; malipo yanafutwa. Baada ya télécollecte ni «Crédit» au «Remboursement», ambayo inaweza kuchukua siku kadhaa kumfikia, na katika mashine nyingi inahitaji namba ya siri ya meneja. Namba hiyo ikae kwako, isikae kwa muuzaji.

Avansi iliyolipwa kwa kadi usiirudishe kwa noti mkononi, hata mteja akikuomba kwa upole. Anaweza kwenda banki kwake akapinga yale malipo ya kadi, na wewe utakuwa umelipa mara mbili bila karatasi ya kujitetea. Kwa mambo mengi mteja ana hadi siku 120 za kupinga, na kwa kitu cha kupokelewa baadaye kama keki ya harusi, siku zinaanza kuhesabiwa kwenye tarehe ya kupokea, siyo ya avansi. Risiti za karatasi ya joto zinafifia, hasa zikikaa juani au ndani ya plastiki. Zipige picha kila jioni, uandike namba ya oda pembeni.

Keki_BelAir
Asanteni sana, mmenifungua macho. Jirani mwenye TPE anasema simu zinapita vizuri kwa vitu vidogo, lakini kiasi kikipanda mashine inaandika «INSÉREZ CARTE», na mteja hana kadi, ana simu tu. Hiyo ni nini? Na SNEL ikikata umeme, au rezo ikipotea katikati ya malipo?

fundi_tpe_lshi
Hilo la jirani yako ndilo kosa nililolitaja la mipangilio. Kadi ya plastiki ikigusishwa, mashine haijui ni nani ameishika, kwa hiyo kuna kiwango: juu yake namba ya siri inatakiwa, au kuingiza kadi. Simu ni tofauti, mwenyewe amekwisha kuthibitisha kwa uso, kidole au namba ya siri ya simu. Kwa Mastercard, ndani ya mashine kuna viwango viwili: kimoja cha kadi isiyothibitishwa, kingine cha kifaa kilichothibitishwa. Mtu wa banki akiandika namba moja kwenye vyote viwili, simu inakataliwa juu ya kiwango hicho kama plastiki. Kwa Visa kuna sehemu ya kuiambia mashine ikubali uthibitisho uliofanywa kwenye kifaa; ikiachwa imezimwa, matokeo ni yaleyale. Huwezi kurekebisha hapo dukani. Jirani apige banki aseme hivi: «Ongezeni plafond (kiwango cha juu) ya sans contact kwa simu zenye uthibitisho wa kifaa, Visa na Mastercard zote mbili, kisha tumeni paramètres (mipangilio) upya kwenye mashine.» Awape namba ya TPE iliyoandikwa juu ya risiti. Skrini ikiandika mteja aangalie simu yake, hilo ni jambo jingine: hakufungua simu. Afungue, agusishe mara ya pili.

Rezo: simu ya mteja kwa kawaida haihitaji intaneti wakati wa kugusisha, mashine yako ndiyo inayohitaji. Ujumbe wa malipo ni mdogo, hata 2G inautosha. Omba mashine yenye nafasi ya SIM mbili, za kampuni mbili tofauti, na uwe na Wi-Fi kama njia ya tatu. Ikae mbali na friji na oveni.

Rezo ikikatika baada ya kugusisha, usigusishe tena. Ingia menyu ya «Duplicata», chapisha muamala wa mwisho, uangalie kama ni wa mteja huyo na umekubaliwa. Mashine ambayo haikupata jibu hutuma yenyewe ombi la kufuta pindi rezo inaporudi, lakini ukiharakisha kugusisha mara ya pili, mteja anaona pesa imekatwa mara mbili kwenye simu yake na ugomvi unaanza. Pesa iliyozuiwa bila malipo kukamilika banki yake itaiachia.

Umeme: angalia tundu la chaji kabla ya kuchagua mashine. Yenye USB-C ya volti 5 inachajiwa na power bank wakati wa giza. Yenye chaja ya pekee, usiilazimishe chaja nyingine. Chaja zote zipitie régulateur (kifaa cha kutuliza umeme), umeme unaporudi kwa kishindo ndipo zinapoungua. Karatasi nyingi za mashine za mkononi ni roli za 57 × 40 mm. Kuna upande mmoja tu unaoandika: kwaruza kwa ukucha, ukitoka weusi ndio huo.

Yaya_Ruashi
Msiache mobile money ikalala kwa sababu ya TPE, bado ndiyo inayobeba wateja wengi wa mtaa. Chukua akaunti ya mfanyabiashara, siyo namba yako binafsi, na simu ya kupokea ujumbe ikae kaunta. Muuzaji asikubali picha ya skrini wala SMS aliyoonyeshwa na mteja. Aangalie ujumbe uliofika kwenye simu ya duka, umetoka kwa jina la huduma yenyewe, siyo kwa namba ya kawaida, na salio jipya lilingane na la zamani pamoja na kiasi kilicholipwa. Aangalie pia sarafu: akaunti ya franka na ya dola ni mbili, na «5,000» bila kusoma herufi za pembeni imewaponza wengi. Jioni, jumla ya télécollecte, ya M-Pesa na ya Airtel Money ziandikwe kwenye mistari tofauti ya daftari. Kumbuka pia pesa ya TPE inafika kwenye akaunti ikiwa imekatwa kamisheni na kwa tarehe nyingine, kwa hiyo linganisha kwa namba ya télécollecte, siyo kwa siku.